Kilichoziba Nyongo Yangu

Nilikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka ishirini na saba, na katika kazi hiyo nilijiwekea kanuni moja: jambo ambalo sikuliona kwa macho yangu, au sikulisoma kwenye karatasi yenye sahihi, sikulitia katika taarifa. Maelezo haya nayo nimeyaandika kwa kanuni hiyohiyo. Watu waliokuja kunipa pole nyumbani kwangu Pasiansi wamekwisha kunisimulia ugonjwa wangu kwa namna nyingi. Mmoja aliniambia kwamba nilipasuliwa tumbo. Mwingine alisema nilitapika nywele. Sikupasuliwa, wala sikutapika nywele. Nimeyaandika kwa ajili ya mtu ambaye hivi sasa anajikuna usiku na mchana na macho yake yamegeuka manjano, ili asifanye kosa nililolifanya mimi. Kwa maana kosa langu lilimwaga damu, na damu yenyewe haikuwa yangu.

Ulianza mwasho. Mtu akisikia neno hilo hufikiri upele au mbu. Mwasho huu haukuwa na kipele hata kimoja. Ulianzia kwenye viganja na nyayo, wiki ambayo kumbikumbi walitoka baada ya mvua ya kwanza ya vuli, kisha ukapanda vifundoni, mapajani, mgongoni, hadi ndani ya masikio. Haukuwa juu ya ngozi; ulikuwa chini yake, mahali ambapo ukucha haufiki. Nilijikuna kwa kucha, Minza mke wangu akazikata. Nilijikuna kwa kitana, kikavunjika. Nikachukua gunzi la muhindi nikasugua miundi mpaka ngozi ikatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Naandika kwa aibu, lakini ni kweli: damu ilipotoka, mwasho ulinyamaza kwa dakika chache, kwa sababu maumivu yalikuwa yameukalia juu. Nikaanza kuitafuta damu.

"Baba Maduhu," Minza aliniambia asubuhi moja, ameshika shuka mikononi, "hii ni damu?"

"Ni ya miguu."

"Na doa hili jingine, la rangi ya kahawa?"

Alinishika kidevu akanigeuzia dirishani kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, akanivuta kope la chini.

"Vaa viatu," alisema.

Kuanzia siku hiyo nilikaa kwenye mabenchi. Benchi la hospitali lina adabu yake: anayeitwa akiinuka, wote husogea nafasi moja, na joto la aliyekutangulia hukupokea. Mimi nilipoketi, watu hawakusogea kwa zamu, walihama. Mama mmoja alimfunika mwanawe uso kwa khanga ili asinitazame. Choo changu kilikuwa kimepauka kama udongo wa kupakia ukuta, suruali ilinishuka kiunoni, na mdomoni nilikuwa na ladha ya shaba. Niliketi wima. Nilikuwa nimevaa tai.

Tabibu kijana alinipokea akaanza kuandika.

"Mzee, umetumia dawa za kienyeji?"

"Hapana."

"Mizizi? Majani? Unga wowote wa kukoroga?"

"Nimesema hapana."

"Pombe?"

"Sijawahi kuionja."

Swali lile la dawa za kienyeji niliulizwa na watu wanne tofauti katika wiki mbili, na kila mara nilijibu neno moja, na kila mara nilijibu kweli. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wengi kujibu swali waliloulizwa, wala wasijibu wasiloulizwa. Nilitoka katika vyumba vile nimejaa fahari kwamba mimi si katika wale wanaokunywa vitu vya vichakani kisha wakaja kuwadanganya madaktari.

Nikalazwa. Daktari aliyenihudumia wodini alikuwa mwanamke wa Kihaya, Kokushubira, mwenye umri wa binti yangu wa mwisho na sauti isiyopanda wala kushuka. Alinieleza mara moja tu.

"Mwalimu, nyongo yako haishuki tumboni, imerudi kwenye damu. Ndiyo inayokuwasha. Ama mfereji wake umezibwa na kitu, jiwe au uvimbe, ama ini lenyewe limegoma kuitoa. Njia mbili hizo tiba zake hazifanani. Nikikosea, unakatwa bure, au unaachwa ufe bila kukatwa."

"Basi usikosee," nilimwambia.

"Nisaidie nisikosee," alijibu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Kitanda cha pili kilikuwa na Magesa, msuka nyavu kutoka Mkuyuni, Mjita kwa kabila, mwembamba kama sindano yake ya kusukia na wa manjano kunizidi.

"Karibu sokoni, Mwalimu," alisema. "Hapa tunauza ndizi. Wewe bado hujaiva."

Sikumjibu siku ile. Baadaye nilikuja kumshukuru kwa kila neno.

Walinipiga picha ya kwanza ya tumbo, ile ya kupakwa utelezi. Mpiga picha alibonyeza, akageuza, akabonyeza tena, kisha akasema gesi ya tumbo imelifunika eneo la kongosho na haoni kitu. Daktari wa upasuaji alipopita alinitazama, akatazama karatasi, akatamka neno "uvimbe" kwa sauti ya chini kwa wanafunzi wake, lakini mimi masikio yangu ni mazima. Ilihitajika picha kubwa zaidi, ya mashine ile ya kulazwa ndani ya duara. Mashine ilikuwa ikitengenezwa. Tungoje. Isipotengenezeka, watafungua tumbo waone.

Tukangoja. Nje ya madirisha mvua iliendelea, na siku moja wingu jeusi la visubi lilisimama juu ya ziwa kama moshi wa meli, likaja, likaupaka wavu wa dirisha weusi unaosagika kidoleni. Ndani ya wiki hiyo mwasho ulinivua utu. Wauguzi walinifunga bandeji mikononi kama mabondia. Nilizing'oa kwa meno. Nilimtukana muuguzi kwa Kisukuma, kwa maneno ambayo sikujua kwamba bado ninayo. Niliusugua mgongo kwenye ukingo wa chuma wa kitanda mpaka ukachanika.

Mwanangu Maduhu, mwenye duka la vipuri na umri wa miaka arobaini na moja, aliyekuja kila siku na chupa ya uji, alinikuta nimeficha gunzi chini ya mto. Akalishika.

"Baba, lete."

"Achia."

"Baba, unajichuna. Lete."

Nilimpiga nalo mdomoni. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, na nguvu za mtu anayewashwa ni nyingi. Mdomo wa juu ulipasuka, damu ikamwagikia shati. Hakurudisha mkono. Alinitazama kwa muda mrefu, mkono umefunika mdomo, na katika macho yake niliona kitu ambacho sikukitambua haraka. Haikuwa hasira. Alikuwa akijiuliza aliyelala pale ni nani.

Alirudi baada ya siku tatu, nyuzi mbili mdomoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mdomo unaendeleaje?"

"Unapona. Baba, nimetoka kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtaalamu. Upande wa nyumbani, kijijini."

"Mtaalamu wa somo gani?"

"Alipasua kuku. Kuku nilimpeleka mwenyewe, nikamtemea mate mdomoni mwenyewe, kama inavyotakiwa katika ramli ya kuku. Nyongo yake ilikuwa imevimba, baba, imejaa inataka kupasuka. Niliiona kwa macho yangu. Si wewe uliyetufundisha kuamini tulichokiona kwa macho?"

"Umeiona nyongo ya kuku. Yangu hujaiona."

"Hata madaktari hawajaiona. Hii ni wiki ya tatu."

Magesa akacheka kitandani kwake. "Hapo kijana amekushika pabaya, Mwalimu."

"Akasemaje huyo mtaalamu wako?" nikauliza.

"Mwanamke mzee. Wa damu yako. Aliyekulisha kwa mkono wake." Akagusa nyuzi za mdomo wake. "Mwenye macho mekundu."

Hakutaja jina, wala halikuhitajika. Dada yangu Nkwimba ndiye kifungua mimba wa mama yetu, mjane, anayeishi kijijini kwetu ufukweni upande wa Magu. Kwa miaka mingi amekausha samaki kwa moshi, na moshi umemfanya macho yawe mekundu kama ya mtu aliyelia jana. Kabla ya mvua nilikaa kwake wiki tatu kusimamia shamba. Nilikula kwake. Na katika nchi yetu, mwanamke mzee mwenye macho ya namna ile, likisemwa neno kama lile, huwa amekwisha kuchimbiwa kaburi.

"Toka," nilimwambia mwanangu. "Na neno hili usilipeleke popote."

"Sijataja jina la mtu, baba."

"Toka."

Akatoka. Nami nikageukia ukuta. Hili ni kosa langu la pili, na linaniuma kuliko la kwanza. Simu ilikuwa chini ya mto wangu. Ningeweza kumpigia Nkwimba nikamwambia aondoke, aje kwetu Pasiansi. Sikupiga. Nilidhani upuuzi ukidharauliwa na mtu mwenye elimu hufa wenyewe. Ukweli ni kwamba Maduhu alikuwa amekwisha kuusema kijijini, mbele ya vijana wawili wa ukoo, siku ileile kuku alipopasuliwa.

Yaliyofuata sikuyashuhudia. Naandika alivyonieleza Nkwimba mwenyewe, na majeraha nimeyaona. Walimjia saa sita mchana, akigeuza sangara juu ya kichanja. Hawakumsalimia. Mmoja alikuwa na panga. Aliinua mkono wa kushoto, panga likapita na vidole viwili, likashuka likakata bega mpaka mfupa. Aliyempiga alilivuta panga apige tena. Nkwimba akachomoa kuni iliyokuwa ikiwaka chini ya kichanja akamsukumia usoni. Kijana akalia kama mbuzi. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa karibu pale wakaja na mawe. Mawe yalimpata mwenzake kichwani na mgongoni, akakimbia ameuacha mguu mmoja wa kandambili. Wanawake hao walimfunga jeraha kwa khanga, wakamkodia gari, na mmoja wao alishikilia vidole vile ndani ya mfuko wa nailoni njia nzima, ingawa havikuweza kurudishwa.

Minza ndiye aliyeniletea habari. Alisimama mlangoni mwa wodi, hakukaribia.

"Wifi yangu yuko chini, wodi ya upasuaji," alisema. "Wamemkata. Kwa ajili yako."

Nilishuka ngazi nikisukuma chuma cha dripu. Nkwimba alikuwa amelala chali, mkono wa kushoto umekuwa donge la bandeji, shuka limepakaa damu iliyokauka. Alinitazama kuanzia miguuni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umekuwa rangi hiyo?"

"Ndiyo wanayosema umeniroga nayo."

"Ningekuroga mimi ungekuwa umeoza," alisema. "Mimi sifanyi kazi nusunusu."

Nilijaribu kucheka nikashindwa. Niliketi kwenye ukingo wa kitanda chake. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mbegu:

"Madaktari umewaambia ulikula nini kwangu?"

"Nimewaambia. Ugali, samaki, mlenda."

"Na vidonge?"

"Vidonge gani?"

"Vya jino. Vile vikubwa, ulivyokuwa ukilalamika vinakukwama kooni. Ulimaliza kikopo kimoja, ukatembea tena mpaka njia panda ukaleta cha pili. Umesahau? Vikopo nilivichukua mimi. Kimoja natilia ugoro." Akaelekeza kidevu chini ya kitanda. "Kipo hapo, kwenye nguo nilizokuja nazo."

Niliinama nikafungua furushi. Nguo zilikuwa zimegandamana kwa damu. Ndani ya fundo la khanga kulikuwa na kikopo cheupe cha plastiki chenye kifuniko cha kuzungusha, na lebo yake ilisomeka bado: amoksilini pamoja na klavulaneti. Nilivaa miwani nikaisoma mara mbili. Ndipo siku zile ziliponirudia zote. Jino la nyuma lililonipasua kichwa. Duka la dawa njia panda. Muuzaji aliyeniambia, "Mzee, jino la hivyo halisikii dozi moja, rudia," nami sikumwomba cheti, sikuuliza nani kamwambia. Nikameza dozi ya pili juu ya ya kwanza, na maumivu yalipokwisha nikayasahau yote pamoja na vidonge vyake. Maisha yangu yote nilikuwa mpinzani wa maneno ya kuokota, na bado nilikuwa nimeyameza, asubuhi na jioni, kwa siku kumi na nne.

Nilipanda ngazi mwenyewe kumtafuta Daktari Kokushubira. Alikipokea kikopo, akanusa ugoro, akasoma.

"Ulimaliza lini?"

"Kama mwezi mmoja kabla ya mwasho."

Alikifunga kikopo. "Mwalimu, tulikuuliza habari za dawa."

"Mliniuliza habari za dawa za kienyeji."

Alinitazama kwa macho makavu. "Sisi tulikosea kuuliza," alisema. "Na wewe ulikosea kujibu."

Sijawahi kukaguliwa vizuri zaidi ya hapo.

Mashine ilitengenezwa wiki hiyo, nikaingizwa ndani ya duara. Mfereji wa nyongo ulionekana wazi, mwembamba, hauna jiwe. Kongosho halikuwa na uvimbe. Damu ilipimwa virusi vya homa ya ini, haikuwa navyo. Nilimwuliza daktari kama sasa anaweza kuandika kwamba ni vidonge. Alikataa.

"Hakuna kipimo kinachosema ni dawa hii. Tunaondoa mengine yote, kisha tunangoja. Nyongo ikishuka yenyewe, hilo ndilo jibu. Inaweza kuchukua wiki nyingi."

"Dada yangu hana wiki nyingi. Wakimruhusu atarudi wapi?"

"Nikiandika leo nisichokijua, nitakuwa sina tofauti na aliyepasua kuku."

Niliyakubali maneno yake kwa sababu yalikuwa yangu. Hivyo tukangoja, mimi juu na Nkwimba chini, na kila Jumatatu walipochukua damu yangu nilijua kwamba namba itakayotoka inapima usalama wa watu wawili.

Katika kungoja huko Magesa aliondoka. Mashine iliyoniacha huru mimi, yeye ilimwonyesha uvimbe. Walimpasua, wakarudi naye, akakaa siku tano akinitania kwamba nimemwibia jibu lake. Siku ya sita, saa saba mchana, alitapika damu beseni zima, na nyingine ukutani. Alinishika mkono kwa nguvu hata kucha zake zikanichoma. Hakusema neno la hekima. Alisema, "Hebu waite basi," akafa kabla hawajafika. Sikuuosha mkono ule mpaka jioni. Sikutaka.

Polisi nao walikuja. Vijana wawili walikuwa wamekamatwa, mmoja akiwa na uso ulioungua. Afisa aliniuliza kama najua neno lilitoka wapi. Niliomba karatasi. Niliandika nilichokisikia kutoka kinywani mwa mwanangu, neno kwa neno, na kuku nilimwandika, nikatia sahihi. Maduhu alichukuliwa kesho yake, akakaa mahabusu siku tisa kabla ya dhamana.

"Umempeleka mwanao polisi," Minza aliniambia.

"Nimeandika alichosema."

"Wewe siku zote unaandika."

Baada ya hapo hakusema nami kwa siku kumi na moja. Alikuja kila asubuhi, akaweka chakula, akalowesha kitambaa, akanipanguza mgongo uliojaa makovu kwa mkono mpole kuliko ninavyostahili, akaondoka bila neno. Sikujua kwamba ukimya na upole vinaweza kukaa katika mkono mmoja.

Asubuhi moja mwanzoni mwa masika niliinuka chooni nikageuka kutazama, kama nilivyofanya kila siku. Kulikuwa na rangi. Rangi hafifu ya chai ya maziwa, lakini rangi. Nilimwita muuguzi aje ashuhudie. Yule yule niliyemtukana kwa Kisukuma.

"Mzee na elimu yako yote," alisema, "unaniita nije kuangalia hicho?"

"Angalia."

Akaangalia. "Hongera," akasema, na alimaanisha.

Namba zilishuka, polepole, kisha kwa kasi. Mwasho ulitoka kama ulivyoingia, kwa kinyume: masikio, mgongo, mapaja, na mwisho nyayo. Usingizi ulirudi. Nilipotoka hospitali nilikuwa nimepungua kilo kumi na tisa, na ngozi ya miundi yangu ilikuwa na mabaka kama ramani.

Wewe unayesoma nawe unawashwa, nakuagiza jambo moja. Kabla hujaketi kwenye benchi, chukua karatasi uandike kila kitu ulichomeza katika miezi mitatu: cha dukani, cha jirani, cha jino, cha mafua, cha nguvu, hata kile usichokiita dawa. Waulize uliokaa nao, maana wao huona unachosahau. Usingoje kuulizwa sawasawa. Mpe daktari karatasi.

Kiangazi kilipoingia nilimwomba Daktari Kokushubira aniandikie kwa Kiswahili, kwa mhuri, chanzo cha ugonjwa wangu. Safari hii hakukataa. Alinirudishia na kikopo. Ugoro ulikuwa bado umo.

Nilimwomba mtendaji wa kijiji aitishe mkutano. Nkwimba, ambaye alikuwa amekaa kwetu tangu alipotoka wodini, tulimketisha mbele, kwenye kigoda, karibu na kichanja chake kilichoanza kumea majani. Minza aliketi mkekani pembeni yake. Maduhu alisimama nyuma ya watu, peke yake. Nilivaa tai. Niliisoma barua yote, kisha nikaeleza kwa mdomo wangu kwamba vidonge nilivinunua mwenyewe, nikavimeza mwenyewe, nikaviacha bila kuvitaja kwa sababu ya kiburi. Kwamba mwanamke huyu alinipa ugali na samaki tu. Na kwamba ndiye aliyenipa jibu ambalo hospitali nzima ilikuwa ikilitafuta, akiwa amelala katika damu aliyomwagiwa kwa jina langu.

Mzee mmoja akasema, "Karatasi zinanunuliwa, Mwalimu."

"Hata kuku hununuliwa," mwanamke mmoja wa dagaa akamjibu, na baadhi ya watu wakacheka, na baadhi hawakucheka. Sitasema kwamba wote waliamini. Sikuziona nyoyo zao. Niliona kwamba wengi walikuja kumpa Nkwimba mkono, na kwamba wanne waliondoka bila kumpa, na majina yao ninayo.

Watu walipopungua, nilimpa kikopo chake. Alikipokea kwa mkono wa kulia, akakibana magotini, akajaribu kukizungusha kifuniko, kikateleza. Akajaribu kukishika kwa mkono wa kushoto. Kile kilichobaki cha mkono ule hakikuweza kukibana. Minza akanyoosha mkono amsaidie. Nkwimba akausukuma pembeni, akainua kichwa, akamtafuta mtu nyuma ya watu kwa macho yake mekundu.

"Maduhu. Njoo."

Mwanangu akaja. Akapiga magoti. "Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Alimnyooshea kikopo.

"Fungua," alisema. "Wewe una vidole."

Alifungua. Ugoro ulimwagika kidogo kwenye vumbi. Alikishika kikopo wazi mbele yake kwa mikono miwili huku Nkwimba akichota, akinusa, akipiga chafya mara mbili. Alifuta pua kwa nyuma ya mkono.

"Marahaba," ndipo akasema. Na Maduhu alipoanza kukifunga: "Usikaze sana. Nitakihitaji tena baada ya kula, na wewe huondoki leo."